"Sheriff" na Sharifu

Maneno yafananayo kwa sauti si lazima yawe ndugu. Msomaji wa Kiswahili amjuaye sharifu wa mwambao, akilikuta neno la Kiingereza "sheriff", huelekea kudhani kwamba asili yao ni moja. Kwani sauti zakaribiana, na wote wawili ni watu wa kuheshimiwa. Dhana hiyo haina msingi, na yafaa tuonyeshe sababu.

Ama sharifu, khabari yake ni wazi. Neno ni la Kiarabu, la mzizi wenye maana ya kuinuka na kutukuka, na kwa desturi hupewa mtu wa kizazi cha Mtume Muhammad kwa njia ya wajukuu wake, Hasan na Husein. Usharifu, basi, ni wa nasaba: mtu huzaliwa nao, wala mfalme hawezi kumvua.

Neno la Kiingereza lilipita njia nyingine. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1066, lilikuwa "scirgerefa", nalo ni maneno mawili yaliyounganishwa. "Scir" ni jimbo, na sc yake ilikuja kutamkwa kama sh yetu. "Gerefa" ni msimamizi aliyewekwa na bwana wake, na g yake ilitamkwa karibu na y. Silabi hiyo ya kwanza ya "gerefa" ilidhoofika ikapotea, na jina likafupika. Vipande vyake vingalipo: "shire" katika majina ya majimbo kama Yorkshire, na "reeve", msimamizi wa shamba, ambaye Chaucer alimtia miongoni mwa mahujaji wake.

Historia ya kazi yaafikiana na umbo la neno. Sheriff alikuwa mtu wa mfalme jimboni: akikusanya mapato, akisimamia baraza, akitoa hesabu hazinani. Hati ya hesabu hizo ya mwaka 1130 ingalipo hata leo. Na kwa kuwa cheo kilikuwa amana, kiliweza kuondolewa: mwaka 1170 Mfalme Henry wa Pili aliamuru masheriff wachunguzwe, na wengi wakauzuliwa. Kweli, katika Westmorland cheo kilirithiwa hadi karne ya 19, lakini hata huko asili yake ilikuwa kipawa cha mfalme. Leo sheriff wa Scotland ni hakimu, na wa Marekani kwa kawaida huchaguliwa kwa kura.

Basi ahukumuye kwa sikio tu humfanya mkusanyaji wa kodi kuwa mtu wa damu tukufu, akachanganya mamlaka ya kukabidhiwa na heshima ya kuzaliwa nayo. Mtego huo umo hata katika kamusi zetu. "Serikali" yaweza kudhaniwa kuwa Kiarabu, kama yalivyo maneno yetu mengi ya utawala. Kumbe ni Kiajemi: "sar", kichwa, na "kar", kazi. Dawa ni moja: tutafute umbo la kale kabisa, tufuate mabadiliko ya sauti hatua kwa hatua, kisha tuulize mwenye cheo alifanya kazi gani, na kwa amri ya nani.