Kuanza chuo ukiwa bado shule ya upili: Mwanafunzi wa Kivaa ana njia gani?

Mwanafunzi wa shule ya kutwa huko Kivaa, eneo la Masinga katika Kaunti ya Machakos, hatarajii kuingia chuo kikuu akiwa tayari na sehemu ya shahada mkononi. Mwenzake wa Marekani aliye na umri sawa na wake hulitarajia jambo hilo, na wapo wanaojipunguzia mwaka mzima wa karo kabla hawajavua sare za shule. Kwa mzazi anayelipa karo kwa ndengu na maembe, mwaka mmoja si jambo dogo.

Msingi wa mpango huo ni krediti, yaani kipimo cha masomo yanayohesabiwa katika shahada. Nchini Marekani somo la muhula mmoja aghalabu huwa na krediti 3, na shahada ya kwanza huhitaji takriban 120. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuanza kuzikusanya kwa njia kadhaa. Inayojulikana zaidi ni Advanced Placement, au AP, inayosimamiwa na shirika la College Board tangu miaka ya 1950. Mtihani wake hufanywa mwezi Mei na kutolewa alama kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi hukubali 3 na kuendelea, ila vile vyenye ushindani mkali hutaka 4 au 5, na baadhi havitoi krediti yoyote.

Njia ya pili ni kusajiliwa katika masomo ya chuo ukiwa bado sekondari. Hapa ndipo wengi hukosea katika kulinganisha. Katika AP, kila kitu hutegemea mtihani wa siku moja, na kwa kawaida aliyefanya vibaya anaweza kutoituma alama hiyo chuoni. Katika masomo ya chuo, kazi ya muhula mzima huhesabiwa, jambo linalomfaa mwenye bidii anayeogopa mitihani. Lakini alama mbaya huandikwa katika rekodi rasmi ya chuo na humfuata mwanafunzi miaka mingi baadaye. Tena krediti za chuo cha jimbo moja si lazima zitambuliwe na chuo cha jimbo jingine. Upo pia mtihani wa CLEP, usiodai kuhudhuria darasa lolote.

Katika Kenya, kinachokaribia zaidi mipango hiyo ni stashahada ya International Baccalaureate na mitihani ya A-level ya Cambridge, inayofundishwa katika shule za kimataifa, hasa Nairobi na Mombasa. Mhitimu mwenye alama za juu akienda Marekani anaweza kupewa krediti. Akienda Scotland, ambako shahada huchukua miaka minne, huenda akaruhusiwa kuanzia mwaka wa pili. Karo ya shule hizo, hata hivyo, haimo katika hesabu za familia nyingi za Masinga.

Wazee watakumbuka kwamba zamani kila Mkenya aliyefika kidato cha sita alikuwa na nafuu ya namna hiyo bila kuiita krediti. Chini ya mfumo wa 7-4-2-3, miaka miwili ya kidato cha tano na sita iliifanya shahada nyingi kuwa ya miaka mitatu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kidato cha sita kiliondolewa na mwaka mmoja ukaongezwa chuoni. Uganda na Tanzania zilibaki na vidato hivyo.

Mtihani wa KCSE hautoi krediti. Hufungua mlango tu: alama ya wastani ya C+ kwa shahada, C- kwa stashahada, D kwa astashahada. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kivaa aliyekosa C+ ana njia moja inayofanana na ya Mmarekani, nayo huanza baada ya kidato cha nne: kusoma stashahada katika chuo cha kiufundi, kisha kuomba masomo yake yahesabiwe katika shahada. Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kielimu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, una ngazi 10, stashahada ikiwa ya 6 na shahada ya kwanza ya 7, ili safari kama hiyo iwezekane. Baadhi ya vyuo vikuu humpokea mwenye stashahada katika mwaka wa pili. Kwa jumla ya miaka, njia hii ni ndefu kuliko kuingia moja kwa moja, na anayeisifu kuwa ya mkato anapotosha. Faida yake ni kwamba mtu hupata cheti cha kazi katikati ya safari, na anaweza kujilipia sehemu iliyobaki.

Mtaala mpya unaweza kubadilisha hesabu. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu Januari 2026, na mfumo huo ulipangwa uwe na miaka mitatu ya chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023 na chenye makao Konza, Machakos, hufundisha kwa mtandao, hivyo mwanafunzi hahitaji kuhamia mjini.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi aulize chuo kikuu anachokilenga, si chuo kinachouza masomo, ni masomo yapi yatahesabiwa na kwa alama ipi, na jibu liwe la maandishi. Aulize pia kama chuo cha kiufundi kimesajiliwa na mamlaka ya TVETA, na kama somo la stashahada linaoana na shahada inayotakiwa. Aliyesomea upishi hatahesabiwa chochote katika uhandisi. Mwanafunzi naye ahifadhi muhtasari wa kila somo alilosoma pamoja na hati za matokeo, kwa sababu kamati ya chuo hulinganisha yaliyofundishwa, mada kwa mada, na jina la somo peke yake halitoshi.