Je, rangi ya kifaranga inaweza kukuambia kama ni jike?

Mfugaji wa Kilosa au Mikumi anayetaka mayai hutafuta mitetea. Lakini vifaranga wa siku moja hufanana, na wengi husubiri wiki kadhaa kabla ya kuwajua majogoo, huku chakula kikiendelea kuliwa. Rangi inaweza kutoa jibu mapema, ila kwa wazazi maalumu tu.

Kwa nini inawezekana?

Baadhi ya rangi za kuku hubebwa na kromosomu iitwayo Z. Jogoo anazo 2, tetea anayo 1, na hiyo moja huwarithisha watoto wa kiume pekee. Majike hupata Z ya baba. Hivyo alama ya mama huonekana kwa madume.

Mifano inayojulikana

Jogoo mwekundu wa Rhode Island Red akipanda tetea wa Plymouth Rock mwenye mistari, vifaranga huanguliwa weusi baada ya siku 21. Madume huwa na doa jeupe utosini, majike hawana.

Jogoo huyohuyo akipanda tetea mweupe wa Light Sussex, majike huwa wekundu wa kahawia, madume manjano iliyopauka.

Mambo ya kuzingatia

1. Usibadilishe wazazi. Jogoo halisi wa mistari akipanda tetea mweusi, watoto wote hupata mistari, jike kwa dume.

2. Usitegemee kizazi cha pili. Watoto hao wakizaliana wenyewe kwa wenyewe, rangi haitofautishi tena jinsia.

3. Tenga mitetea. Mbegu ya jogoo huweza kukaa mwilini mwa tetea zaidi ya wiki 2, kwa hiyo jogoo wa jirani anaweza kuharibu mpango wako. Subiri wiki 3 hadi 4 ndipo ukusanye mayai ya kuatamia.

Na kuku wetu wa kienyeji?

Ching'wekwe, kuku wadogo wanaofahamika hapa Morogoro, wana rangi mchanganyiko. Kishingo naye huwarithisha shingo tupu majike na madume sawasawa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "weusi wote ni majike" ili aongeze bei, muulize kwanza: mama alikuwa na rangi gani, na baba je? Kama hajui, lipa bei ya vifaranga mchanganyiko.