Varanasi: Mji Mkongwe Wenye Mawe ya Juzi

Mto Ganga, unaotoka katika barafu za milima ya Himalaya na kumwaga maji yake katika Ghuba ya Bengali, kwa jumla huelekea kusini na mashariki, lakini unapofika katika uwanda wa Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, hupinda na kwa kilomita kadhaa hutiririka kuelekea kaskazini, upande ule ule ulikotoka. Katika mpindo huo, juu ya ukingo wa magharibi, ndipo ulipojengwa mji ambao serikali huuita Varanasi, wenyeji wengi huuita Banaras na vitabu vya dini ya Kihindu huuita Kashi. Ukingo huo ni mwinuko wa udongo mgumu uliochanganyika na vijiwe vya chokaa, ambao mto haukuweza kuumega, ilhali ng'ambo ya pili ni tambarare ya mchanga inayofunikwa na mafuriko kila mwaka na kwa hiyo imebaki bila majengo. Matokeo yake ni kwamba mji mzima unatazama mashariki bila kizuizi, na anayeshuka mtoni alfajiri huliona jua likichomoza juu ya maji. Jambo hilo Wahindu wamelihesabu kuwa sehemu ya utakatifu wa mahali hapo, pamoja na ule mpindo wa mto kuelekea Himalaya, makao ya mungu Shiva.

Varanasi hutajwa mara kwa mara miongoni mwa miji ya kale zaidi duniani ambayo haijawahi kuhamwa, na kwa upande wa mahali dai hilo lina msingi. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Rajghat, kwenye ncha ya kaskazini ya mji karibu na kijito cha Varuna kinapoingia Ganga, walikuta mabaki ya makazi yanayorudi nyuma hadi kabla ya zama za Buddha, na Kashi ilikuwa moja ya dola 16 kuu za India ya kaskazini zinazotajwa katika maandiko ya Wabuddha. Lakini msomaji wa historia anapaswa kutenganisha umri wa mahali na umri wa majengo, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya mawe yanayoonekana leo kando ya mto yaliwekwa baada ya mwaka 1700, na waliogharimia kazi hiyo, kwa wingi wao, hawakuwa watu wa Varanasi. Ukale wa Kashi umo katika njia za kuzunguka, saa za kuoga na majina ya sehemu, mambo yaliyodumu huku kuta zikivunjwa na kujengwa upya mara nyingi.

Ushahidi wa mawe ya kale kweli hupatikana kilomita 10 hivi kutoka katikati ya mji, mahali paitwapo Sarnath, ambapo kwa mapokeo ya Wabuddha ndipo Buddha alipotoa mafundisho yake ya kwanza kwa wanafunzi watano. Mfalme Ashoka, aliyetawala katika karne ya 3 KK, alisimamisha hapo nguzo ya jiwe la mchanga lililosuguliwa hadi likang'aa, lililotoka katika machimbo ya Chunar, upande wa juu wa mto. Na ni machimbo hayo hayo yaliyotoa mawe ya ngazi na majumba ya Varanasi miaka 2,000 baadaye. Mwaka 1794 Jagat Singh, ofisa wa raja wa Banaras, alivunja stupa moja ya Sarnath, yaani kuba la matofali linalojengwa juu ya masalia matakatifu, ili apate matofali ya kujengea soko mjini. Mifupa iliyokutwa ndani ilitupwa katika Ganga. Katika uchimbaji wa miaka ya 1904 na 1905 kilipatikana kichwa cha nguzo ya Ashoka, chenye simba wanne wanaopeana migongo, ambacho mwaka 1950 kilifanywa nembo ya taifa la India. Nembo ya jamhuri ya leo ilinusurika, basi, jirani kabisa na mahali ambapo mawe ya kale yalikuwa bidhaa tu ya ujenzi.

Kisa cha hekalu la Vishwanath, lenye linga, yaani jiwe la mviringo lisimamalo kama alama ya Shiva, ambalo ndilo kitovu cha hija yote, kinaonyesha kuvunjwa na kujengwa upya huko kwa uchungu zaidi. Mahekalu ya mji yalivunjwa mwaka 1194, majeshi ya sultani Muhammad Ghori yalipouteka. Hekalu la Vishwanath lilijengwa tena kwa ukubwa mwishoni mwa karne ya 16, chini ya dola ya Wamughal, kwa msaada wa Todar Mal, waziri wa fedha wa mfalme Akbar, na kwa uongozi wa mwanachuoni Narayana Bhatta. Kisha mwaka 1669 Aurangzeb, kitukuu cha Akbar, aliamuru livunjwe, na mahali pake pakajengwa msikiti wa Gyanvapi, ambao ukuta wake wa nyuma bado unabeba sehemu ya ukuta wa hekalu na ambao hadi karne hii umekuwa chanzo cha mashauri mahakamani. Hekalu la sasa ni dogo kuliko lile. Lilijengwa kando ya msikiti karibu na mwaka 1780 na Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore, na dhahabu ya paa lake ilitolewa na Ranjit Singh, mtawala wa Kalasinga wa Punjab, katika karne ya 19.

Ahilyabai alikuwa mmoja wa Wamaratha, watu wa magharibi mwa India ambao katika karne ya 18 walitandaza nguvu zao karibu katika Bara Hindi zima. Viongozi wao walitamani kuutia mji huu mkononi wasifanikiwe, kwa kuwa ulikuwa chini ya nawabu, yaani mtawala, wa Awadh, na mwaka 1775 ukapita kwa Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki. Badala yake walijenga. Ghati, yaani ngazi pana za mawe zinazoshuka kutoka mjini hadi majini, ambazo leo huhesabiwa kuwa zaidi ya 80 katika umbali wa kilomita sita au saba, baadhi zina majina ya nyumba za kifalme, za Wamaratha na za wengine: Bhonsale ya Nagpur, Scindia ya Gwalior, Rana ya Udaipur, Darbhanga ya Bihar. Juu ya ngazi yalisimamishwa majumba ambamo wajane wa kifalme na wazee waliochoka na utawala walikuja kungojea kifo. Wengine walijenga kwa pupa kuliko ardhi ilivyoweza kubeba, na hekalu la Ratneshwar, karibu na Ghati ya Scindia, limeinama upande mmoja na kwa muda mwingi wa mwaka chumba chake cha ibada hukaa ndani ya maji na tope.

Mgeni anayekuja kwa ibada haji kutazama majengo. Hija fupi inayoheshimiwa zaidi ni ya kuoga katika ghati tano, kuanzia Assi upande wa kusini, kwenda Dashashwamedh, kisha hadi Adi Keshava kwenye makutano ya Varuna, na kurudi kupitia Panchganga hadi Manikarnika. Ile ndefu, iitwayo Panchakroshi, huuzunguka mji kwa miguu kwa siku tano, kilomita zipatazo 80, na mahujaji hulala njiani katika nyumba za wageni za hisani. Msimu una maana kubwa. Pepo zile zile za kusi zilizoyasukuma majahazi kutoka Zanzibar kuelekea Kutch, magharibi mwa India, ndizo huleta mvua zinazoupandisha mto kwa mita nyingi hadi ngazi zikapotea kabisa, mashua zikapigwa marufuku na maiti zikachomwa juu ya mapaa ya majengo.

Kuchomwa huko ndiko kunakoitofautisha Kashi na miji mingine ya hija. Wahindu wengi wanaamini kwamba anayefia hapa hupata moksha, yaani kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, kwa kuwa Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kumvusha. Maiti hufikishwa Manikarnika au Ghati ya Harishchandra ikiwa imefungwa juu ya machela ya mianzi, huchovywa mtoni, kisha huwekwa juu ya kuni. Mfiwa mkuu, mara nyingi mtoto wa kiume wa kwanza, ndiye huwasha moto, na mwisho hurusha chungu cha maji nyuma ya bega na kuondoka bila kugeuka. Watoto wadogo na watawa hawachomwi bali huzamishwa. Moto wenyewe hutolewa na Wadom, watu ambao mfumo wa matabaka uliwahesabu kuwa najisi kupita wote, na bila wao hakuna Brahmani, mtu wa tabaka la juu, awezaye kuchomwa hapo. Ni vigumu kupata kinaya kilicho wazi kuliko hicho katika mpangilio mzima wa tabaka. Hata miongoni mwa familia za Kihindu za Afrika Mashariki, ambazo wenyeji wa pwani waliziita za Mabanyani, kuna zilizopeleka majivu ya wazee wao Ganga.

Si kila mwana wa Kashi aliyekubali dai la kifo hicho. Kabir, mshairi wa karne ya 15 aliyelelewa katika nyumba ya wafumaji Waislamu, alikejeli makasisi wa dini zote mbili, Uhindu na Uislamu, na mapokeo yanasema kwamba uzeeni aliuacha mji akaenda kufia Maghar, mahali palipodharauliwa. Wafumaji wa hariri ya Banarasi, ambayo maharusi wa India nzima huitamani, bado kwa wingi wao ni Waislamu, na Bismillah Khan, mpigaji wa zumari ya shehnai aliyefariki mwaka 2006, alikuwa Mshia aliyepiga ala hiyo hekaluni.

Ukarabati wa mji haujakoma. Katika miaka ya 1820 James Prinsep, ofisa wa kiwanda cha sarafu ambaye baadaye aliusoma mwandiko wa nguzo za Ashoka, alichora ramani ya Banaras na kusimamia mfereji wa chini ya ardhi wa kuondoa maji machafu. Mwaka 1887 reli ilivuka Ganga kwa daraja karibu na Rajghat na mahujaji wakaongezeka. Mwaka 2021 ilizinduliwa njia pana inayounganisha Vishwanath na mto, baada ya mamia ya nyumba za vichochoroni kununuliwa na kubomolewa, na mahekalu madogo yaliyokuwa yamezungukwa na kuta za nyumba hizo yakaonekana tena; wapo walioshangilia, na wapo walioona kwamba mtaa wa kale umetolewa kafara kwa ajili ya uwanja. Kwa upande wa maji, mpango wa serikali wa kusafisha Ganga ulianza hapo hapo mwaka 1986, lakini mitambo yake ilitegemea pampu za umeme zilizosimama kila umeme ulipokatika, na hapo maji machafu yaliingia mtoni. Mkosoaji wake mashuhuri, Veer Bhadra Mishra, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kiongozi wa hekalu la Sankat Mochan na pia profesa wa uhandisi wa maji katika Chuo Kikuu cha Kihindu cha Banaras: mtu aliyeoga katika mto huo kama ibada na kupima bakteria wake katika maabara.