Homa ya mtoto katika zahanati za Tanzania

Kwa miongo mingi, mtoto mwenye homa aliyefikishwa zahanati Tanzania Bara alihesabiwa kuwa ana malaria. Hadubini zilikuwa chache, dawa ya klorokwini ilikuwa rahisi, na mganga aliiandika bila kungoja kipimo. Degedege ilichukua njia nyingine: familia nyingi ziliihusisha na pepo au ndege wa usiku, hivyo mgonjwa alianzia kwa mganga wa kienyeji.

Katikati ya miaka ya 1990, WHO na UNICEF waliandaa mwongozo wa udhibiti wa magonjwa ya watoto kwa uwiano, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuutumia. Mhudumu alifundishwa kuanza na dalili za hatari: mtoto kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu. Kisha huhesabu pumzi. 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huashiria nimonia. Shingo iliyokakamaa ilidai rufaa ya haraka.

Usugu wa vimelea vya malaria uliiondoa klorokwini mwaka 2001, ikafuata dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha dawa mseto ya ALu mwishoni mwa 2006. Mwaka 2010 WHO ilipendekeza wagonjwa wa rika zote wanaoshukiwa kuwa na malaria wapimwe kabla ya tiba. Kipimo cha haraka cha damu kilipoenea zahanati, majibu hasi yalimlazimu mhudumu atafute chanzo kingine cha homa.