Ardhi na Tabaka huko Bunju

Tabaka, kwa maana aliyoitumia Max Weber, ni kundi la watu wenye nafasi zinazolingana mbele ya soko, na huko Bunju, kata ya Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, iliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo, soko lililoamua nafasi hizo lilikuwa la ardhi. Utawala wa kikoloni uliigawa Dar es Salaam kwa rangi, Oyster Bay ikawa ya Wazungu na Kariakoo ya Waafrika, ilhali minazi na mikorosho ya kaskazini, upande wa Bunju, ilibaki shamba. Baada ya uhuru ardhi ilikuwa mali ya umma, na kisheria kilichouzwa ni maendelezo, yaani majengo na mimea iliyopandwa, si udongo wenyewe. Kanuni hiyo, iliyokusudiwa kuzuia unyonyaji, iliwanufaisha zaidi watumishi na wafanyabiashara waliopata mashamba kwa bei ya miti yake kabla Sheria ya Ardhi ya 1999 haijakubali kwamba ardhi ina thamani. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza 2002 na kuigusa Bunju, ulipima na kuuza viwanja kwa wenye fedha taslimu, jambo ambalo mkulima aliyelipwa fidia kwa shamba lake lililotwaliwa hakulimudu kwa urahisi. Kisha, mwaka 2012, baadhi ya waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, wakati huo sehemu ya Bunju: walipata ardhi, lakini mbali na Kariakoo, ambako baadhi yao walikuwa wakichuuza.