Jina la Mazrui: Kutoka Oman hadi Makerere

Wanafunzi wetu wengi hulijua jina la Mazrui kwa sababu ya Profesa Ali Mazrui (1933–2014), aliyefundisha Makerere kuanzia 1963 hadi 1973. Wachache huuliza lilifikaje pwani.

Ukoo huu asili yake ni Oman. Kwa Kiarabu, mzizi wa jina ni ule wa kupanda mbegu. Katika karne ya 18 Wamazrui waliitawala Mombasa, kwanza wakiwa maliwali wa Oman, baadaye kwa mamlaka yao wenyewe. Mwaka 1837 Seyyid Said aliitwaa Mombasa. Baadhi ya viongozi wao walikamatwa na kuhamishwa. Waliosalia wakagawanyika, wengine Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Mwaka 1896 Mbaruk bin Rashid wa Gazi, baada ya kupigana na Waingereza, alivuka mpaka na kuingia koloni la Wajerumani, Tanzania Bara ya leo.

Katika Falme za Kiarabu jina hilohilo huandikwa Mazrouei kwa herufi za Kirumi. Tahajia isitupoteze.

Basi tufundishapo majina ya koo, tusiishie kwenye maana. Tuulize pia nani alimhamisha nani. Takaungu na Gazi zimo katika historia ya jina hili kwa sababu Mombasa ilipotea.