Kompyuta Kuukuu na Daftari la Ukoo



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ukoo wetu, kwa miaka takriban thelathini, limekuwa kompyuta kuukuu zilizounganishwa kwa nyaya nyumbani kwetu Silver Spring, Maryland. Imenipasa kuieleza historia yake kabla mashine ya mwisho haijanyamaza.

Vijana waliozaliwa ughaibuni huenda hawajui kwamba mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hata nilipoanza utumishi Dar es Salaam mwaka 1984, ofisini kwetu tulitumia taipureta na karatasi za kaboni: barua moja, nakala tatu, kila nakala katika jalada lake. Desturi hiyo ndiyo niliyokuja nayo Marekani mwaka 1993.

Huku ofisi zilikuwa zikibadili mashine mara kwa mara, na za zamani zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kufikia mwaka 1996 nilikuwa nazo tatu: moja ya aina ya 386 na mbili za 486. Niliziunganisha kwa Ethernet, mfumo uliobuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox, California. Waya mmoja mweusi ulipita mashine hadi mashine, na kila ncha ikafungwa kizibo cha ohmu 50. Ulibeba megabiti 10 kwa sekunde, lakini ulikuwa na ila moja: ukikatika mahali pamoja, mashine zote hunyamaza. Kwa hiyo mwaka 1999 kila mashine ilipata waya wake hadi kisanduku cha katikati. Mmoja ukikatika, nyingine huendelea.

Mwaka 1997 nilipiga chapa nasaba aliyoisimulia marehemu Bibi katika kaseti, vizazi saba. Nakala niliiweka katika mashine zote tatu, na nyingine katika disketi ya megabaiti 1.44. Usiku wa kuingia mwaka 2000 saa ya ile 386 ilirudi 1980, lakini nasaba haikuguswa. Mwaka 2003 diski ya mashine kuu ilikufa. Wakati huo Bibi alikuwa amekwisha kufariki, na kaseti zake zilikuwa zimeharibiwa na unyevu. Majina ya wazee wetu yalisalimika kwa sababu moja tu: yalikuwa pia katika mashine ya pili.

Leo imebaki 486 moja. Kompyuta za sasa hazina tundu la disketi, na programu nyingi hazisomi maandishi ya wakati ule bila kugeuzwa. Nimekwisha kuyageuza na kuyachapa. Hata hivyo, waliozaliwa Muscat, Toronto na Tanga tangu mwaka 2003 hawamo.

Kwa hiyo nawaomba kila kaya ichukue nakala mbili katika mkutano huu, moja ya karatasi na moja ya kompyuta. Wazee wasahihishe majina, nao wazazi waandike watoto wao. Nakala moja ya karatasi ipelekwe nyumbani Tanga. Mashine hazidumu, nasi vilevile hatudumu. Daftari hudumu likiwa katika mikono mingi.